Mnauliza, Tunajibu: WITCH ya Kitwe na ile sauti ya gitaa linalonguruma

Katika toleo lililopita tuliitaja kwa mstari mmoja tu bendi ya WITCH ya Zambia, tukasema kuwa hakuna bendi ya roki ya Afrika iliyosahaulika bila haki kama hiyo. Mstari ule umetuletea barua kutoka Tabata hadi Kigamboni. Tumechagua sita. Nyingine zimejibiwa kwa urefu, nyingine kwa maneno machache, kadiri swali lilivyohitaji.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Mimi ni mpenzi wa muziki wa dansi. Maquis naijua, Mlimani Park naijua, Afro 70 naijua. Hii WITCH sijawahi kuisikia hata siku moja. Jina lenyewe linatisha. Ni akina nani hawa, na wana nini ambacho bendi zetu hazina?
*Msomaji wa Tabata*

JIBU: Salama, ndugu yetu. Jina lisikutishe. Kwa Kiingereza "witch" ni mchawi, lakini bendi hii haihusiani na tunguri. WITCH ni herufi za mwanzo za sentensi ya Kiingereza, "We Intend To Cause Havoc", maana yake "tumekusudia kuleta vurugu". Walikuwa vijana, na kijana akipewa gitaa la umeme huwa haahidi utulivu.

Bendi ilizaliwa Kitwe, mji wa migodi ya shaba kaskazini mwa Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwimbaji ni Emmanuel Chanda, anayejulikana zaidi kama Jagari. Hilo ni jina la Mick Jagger wa Rolling Stones likiwa limepita katika ulimi wa Kibantu. Gitaa la solo lilikuwa la Chris Mbewe, rithimu ya John Muma, besi ya Gedeon Mulenga, drams za Boidi Sinkala. Paul Mumba aliongeza kinanda baadaye, na kinanda hicho kiliibadilisha bendi kuliko watu wanavyokiri.

Albamu ya kwanza, Introduction, huhesabiwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya bendi ya Zambia kuingizwa sokoni. Zikafuata In the Past (1974), Lazy Bones!! (1975), Lukombo Vibes (1976) na Including Janet (1977). Albamu tano ndani ya takriban miaka mitano, na kila moja ina sura yake.

Wewe mpenzi wa dansi utaisikia tofauti ndani ya dakika ya kwanza. Hakuna safu ya tarumbeta na saksafoni. Katika dansi yetu magitaa husemezana kwa upole: solo linauliza, rithimu linajibu, besi inatembea chini yao, na wimbo mara nyingi huwa na nusu ya kwanza ya mashairi na nusu ya pili ya kuchangamka. WITCH hawagawi wimbo hivyo. Wanashika kipande kifupi cha besi na gitaa kwa pamoja, wanakirudia mpaka kikukae kichwani, halafu solo linaingia likiwa limechafuliwa kwa makusudi, linanguruma na kulia. Drams zao zina mguu mzito wa roki, lakini mkono wa juu una mchezo wa ngoma za nyumbani. Roki ya Uingereza huenda mbele kama treni. Hii yao inayumba kiunoni. Watu wakaja kuuita muziki huo Zamrock, na WITCH hawakuwa peke yao. Walikuwapo Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi, Musi-O-Tunya, Rikki Ililonga, Chrissy Zebby Tembo na wengine.

Hatusemi bendi zetu zilipungukiwa. Mbaraka Mwinshehe hakuhitaji kelele ili gitaa lake liseme. Tunachosema ni kwamba jirani alikuwa amefungua njia nyingine kabisa, na sisi hatukupita.

SWALI: Wanangu, mimi nilifanya kazi bandarini miaka ya sabini. Shaba ya Zambia nimeiona kwa macho yangu, inashushwa, inapakiwa. Reli tulijenga wote. Sasa kama bendi hiyo ilikuwa kubwa hivyo, ilikuwaje shaba ifike hapa na santuri zisifike?
*Mzee wa Magomeni*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyotufikia, maana jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini bendi hii haikujulikana. Haikukosa ubora. Ilikosa njia.

Tuanze na tarehe. Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilifunga mpaka wake na Zambia Januari 1973, na tangu hapo shaba ikaelemea Dar es Salaam. Lakini reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilimalizika kujengwa 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. WITCH walikuwa motoni kati ya 1972 na 1977, mwaka ambao Jagari aliondoka. Kwa hiyo reli na bendi vilikutana kwa muda usiozidi mwaka mmoja na ushee. Kabla ya hapo mzigo ulikuja kwa malori, na hakuna mfanyabiashara aliyebeba maboksi ya santuri kwenye barabara ile huku watu wakihitaji vipuri na mafuta.

Pili, fedha. Zaidi ya tisa kwa kumi ya mapato ya Zambia ya nje yalitokana na shaba. Bei ya shaba ilikuwa nzuri hadi 1974, ndiyo sababu vijana wa Kitwe waliweza kuona magitaa ya umeme, vikuza sauti na vinanda madukani, na wachimbaji wenye mshahara waliweza kulipa kiingilio. Bei ikaporomoka mwishoni mwa 1974 na 1975. Fedha za kigeni zikakauka, na kila kitu cha muziki kilichohitaji fedha za kigeni kikakauka nazo: nyuzi, taa za ndani ya amplifaya (valvu), na plastiki ya santuri yenyewe. Upande wetu mambo hayakuwa tofauti. Kuagiza santuri ya Zambia kulihitaji dola, na dola zilikuwa na kazi nyingine.

Tatu, mitambo. Bendi za Zambia zilisafiri hadi Nairobi kurekodi, hasa studio ya Sapra, na bendi zetu nazo zilielekea Nairobi hiyohiyo kutafuta santuri. Huko ndiko tungeweza kukutana. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa Februari 1977, Jumuiya ikavunjika, na mlango huo ukabaki umefungwa hadi 1983.

Nne, redio. Hili wengi hulisahau. Rais Kaunda aliagiza kuwa asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni Zambia uwe wa Wazambia. Agizo hilo liliwapa WITCH na wenzao masikio ya taifa zima, ndiyo maana roki ilishika mizizi kule. Hapa kwetu upepo ulivuma kwingine. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, siku zilezile za Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na mawigi. Radio Tanzania ilirekodi bendi zetu kwa bidii, na urithi ule hauna bei, lakini ilikuwa ni dansi, taarab, kwaya na ngoma. Roki yenye maneno ya Kiingereza haikuwa na wa kuisemea. Bendi nyingi hapa zilikuwa za mashirika: NUTA, Polisi, JKT. Shirika linanunua vyombo, linalipa mshahara, na linataka wimbo ambao mfanyakazi atauelewa. WITCH hawakuwa na shirika nyuma yao. Uhuru wao wa kupiga walichotaka ulitoka hapo, na udhaifu wao pia.

Mwisho wao ulikuja polepole, mzee. Vita vya Rhodesia vilileta amri za kutotoka nje usiku na kuzima taa, na bendi ya usiku ikalazimika kupiga mchana. Jagari akaenda kusomea ualimu wa muziki Chuo cha Evelyn Hone, Lusaka. Waliobaki wakageukia disko, wakatoa Movin' On (1980) na Kuomboka (1984). Kisha ukaja UKIMWI. Ulifagia kizazi kile cha wanamuziki wa Zambia kwa ukatili ambao kuuandika tu ni kazi. Katika kikosi cha kwanza cha WITCH amebaki Jagari peke yake.

SWALI: Je, Tanzania haikuwahi kuwa na bendi ya namna hiyo?
*Msomaji wa Ilala*

JIBU: Ilikuwapo: Sunburst, iliyoanza hapahapa Dar es Salaam mwaka 1970. Walichanganya roki, soul na mapigo ya kwetu. Tazama sasa lile la mlango wa Nairobi linavyojirudia kwa njia nyingine: santuri yao ndefu, Ave Africa, walikwenda kuirekodi Zambia, ikatoka 1976. Bendi ya Dar ilibidi iende nchi ya roki ili roki yake isikike. Kampuni ya Strut ilizikusanya rekodi zao na kuzitoa upya mwaka 2016, na zinapatikana mtandaoni. Zisikilize kabla hujamaliza gazeti hili.

SWALI: Kaka zangu, nina bendi ya vijana wanne. Nimesikiliza Lazy Bones!! kwenye simu na nataka ile sauti ya gitaa, ile kama nyuki wamefungiwa ndani ya debe. Nimejaribu kufungua volyumu ya amplifaya hadi mwisho, inatoka kelele tu, haitoki ile. Kifaa chake dukani ni ghali. Naweza kutengeneza mwenyewe?
*Kijana wa Mbagala*

JIBU: Unaweza, tena vizuri. Sauti hiyo huitwa fazi. Amplifaya za leo, hasa zile ndogo za transista, zikizidiwa hukwaruza tu, kwa sababu hazikuundwa zizidiwe. Fazi ni kisanduku kinachokaa kati ya gitaa na amplifaya. Kinalichukua wimbi la sauti lililo mviringo, kinalikata kichwa na miguu mpaka liwe karibu mraba, na ukali wa kingo hizo ndio nyuki unaowasikia.

Saketi ya kale na rahisi kuliko zote ina transista mbili. Orodha ya kwenda nayo kwa wauza vipuri vya redio Kariakoo ni hii: transista 2 za silikoni aina ya NPN (BC109 ukizipata, la sivyo BC547), rezista za kiloomu 33, kiloomu 100 na omu 470, moja moja, rezista ya kurekebishika ya kiloomu 10, kapasita ya maikrofaradi 2.2, nyingine ya 22, na nyingine ndogo ya 0.01, kitasa (rezista ya kuzungusha kwa mkono, kama ile ya volyumu) cha kiloomu 1 na kingine cha kiloomu 500, jeki 2 za gitaa, moja ikiwa ya stirio, swichi ya mguu, kishikio cha betri ya volti 9, na kisanduku cha chuma. Ubao wenye matundu wa vidole vitatu kwa vitano unatosha na kubaki.

Unganisha hivi. Transista ina miguu mitatu: beisi, emita na kolekta. Sauti ya gitaa inapita kapasita ya 2.2, upande wake wa chanya ukielekea kwenye beisi ya transista ya kwanza. Emita ya transista hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye hasi, na kolekta yake inakwenda chanya ya betri kupitia kiloomu 33. Kolekta hiyohiyo inaungwa kwenye beisi ya transista ya pili bila kitu katikati. Emita ya pili inapita kitasa cha kiloomu 1 kwenda hasi, na mguu wa katikati wa kitasa unapewa kapasita ya 22 kwenda hasi. Hicho ndicho kitasa cha ukali. Kutoka emita hiyo ya pili rudisha rezista ya kiloomu 100 hadi beisi ya kwanza. Kolekta ya pili inaungwa na rezista ya kurekebishika, kisha omu 470, kisha chanya. Sauti unaichukua pale rezista hizo mbili zinapokutana, inapita kapasita ya 0.01 na kuingia kitasa cha kiloomu 500, ambacho ni cha volyumu.

Ukimaliza usikimbilie gitaa. Chukua mita. Pima volti kati ya hasi na kolekta ya transista ya pili, huku ukizungusha ile rezista ya kurekebishika taratibu mpaka isome karibu na 4.5, yaani nusu ya betri. Ukipunguza rezista volti zinapanda, ukiiongeza zinashuka. Hapo ndipo wimbi linakatwa juu na chini kwa usawa. Volti zikiwa juu sana noti inakatikakatika na kufa ghafla kama redio yenye betri mbovu. Zikiwa chini sana sauti inakuwa nene na butu. Kolekta ya kwanza nayo isome kati ya volti 1.2 na 1.5. Ikisoma 9 kamili, ama transista umeigeuza ama lehemu haikushika.

Na kugeuza transista ndilo kosa linalowakumba wengi. BC547 ukiishika uso bapa ukikutazama, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, beisi, emita. Lakini 2N3904, ambayo muuzaji atakupa akisema "ni ileile", mpangilio wake ni emita, beisi, kolekta. Inafanya kazi, ila kinyume. Ukiwa na mita yenye kipimo cha transista, yenye ukuzaji mdogo iweke ya kwanza, yenye ukuzaji mkubwa ya pili.

Utasoma mtandaoni kwamba transista za zamani za jeremaniamu ndizo zenye sauti tamu. Ni kweli kwa nchi za baridi. Transista hizo huvujisha umeme, na uvujaji huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Ukizirekebisha asubuhi, ukapanda jukwaani Januari saa tisa alasiri, zitakuwa zimekwisha kuhama na gitaa litapiga chafya. Kwa Dar es Salaam chagua silikoni.

Silikoni nayo ina tabia yake: inaweza kudaka stesheni ya redio ukasikia taarifa ya habari katikati ya solo. Weka kapasita ndogo ya pikofaradi 47 hadi 100 kati ya kolekta na beisi ya transista ya kwanza. Kisanduku kiwe cha chuma na kiungwe na hasi, la sivyo mlio wa umeme wa ukumbini utaingia. Jeki ya stirio iweke upande wa kuingizia gitaa, na waya wa hasi wa betri upite kwenye mguu wake wa pili, ili ukichomoa waya betri ijizime. Saketi hii inakula chini ya miliampia 2, betri itakaa miezi.

Fazi ikae ya kwanza baada ya gitaa. Ukiwa na kanyagio la wa-wa, liweke baada ya fazi, kwa sababu fazi huinyonya wa-wa mpaka isisikike ikifunguka. Kisha fanya jambo ambalo vijana wengi hawalifanyi: fungua ukali wote kwenye kisanduku, halafu punguza volyumu ya gitaa lenyewe hadi 7. Nyuki watatulia na noti itasikika. Ukitaka wapande, panda hadi 10 kwa kidole kidogo bila kukanyaga chochote.

Neno la mwisho kwako, na ndilo kubwa kuliko saketi. Ukisikiliza vizuri Lazy Bones!! utagundua fazi haipigi wakati wote, na inapopiga, gitaa la pili linabaki safi. Mkiwasha fazi wawili kwa pamoja mtapata uji. Besi nayo ikishika kipande kilekile cha solo, oktavu moja chini, ndipo gitaa linapoonekana kubwa. Nusu ya uzito mnaoutafuta iko kwenye vidole vya mpiga besi.

SWALI: Habari zenu. Katika sanduku la marehemu mume wangu, aliyewahi kufanya kazi reli, nimekuta santuri kama ishirini. Mojawapo imeandikwa Witch. Zimeota ukungu mweupe, na kuna nyingine nzito za zamani za taarab. Nitajuaje kama ni za asili, na nizisafishe vipi?
*Mama wa Kinondoni*

JIBU: Pole kwa msiba, mama. Na tafadhali usizifute kwa kitambaa cha jikoni kabla hujasoma hapa.

Kuhusu asili: geuza jalada la ile ya Witch. Likiwa na mistari ya bakodi au anwani ya tovuti, ni toleo jipya. Santuri za miaka ya 1970 hazikuwa nayo. Lebo ya katikati ikisomeka Zambia Music Parlour ni dalili nzuri, ila haitoshi, kwa sababu matoleo mapya huweza kunakili lebo ya zamani. Inamisha santuri kwenye mwanga uone ile pete tupu kati ya mwisho wa mifereji na lebo. Hapo kuna namba zilizochorwa au kugongwa. Ziandike zote na uzipige picha. Ikiwa ni ya asili, watu wengi watakuja na bei ya haraka. Usiiuze kwa mtu wa kwanza, na usimwachie mtu "akaijaribu".

Kuhusu usafi, kwanza tenganisha. Zile nzito za taarab, ambazo zinavunjika kama sahani ya udongo na huzunguka mara 78 kwa dakika, zimetengenezwa kwa utomvu wa shelaki. Spiriti huyeyusha shelaki. Tone moja linatosha kuharibu sauti isiyopatikana tena popote. Hizo zisafishwe kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke na kukusanywa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari yakiwa hayana tindikali, na tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato, kisha zikaushwe mara moja.

Za vinaili, zile nyembamba zinazopinda kidogo, changanya mililita 750 za maji hayohayo na mililita 250 za spiriti safi ya isopropili, na matone mawili ya sabuni. Tumia brashi laini ya nywele za mbuzi au kitambaa kisichoacha manyoya. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki, maana wino wake hutoka. Fuata mzunguko wa mifereji. Usikate kutoka katikati kwenda nje. Suuza kwa maji matupu ya aina ileile. Maji ya bomba au ya kisima yakikauka huacha chumvi mferejini, na hapo ndipo sauti ya kukaanga vitumbua inapotoka. Simamisha kivulini zikauke. Feni sawa, jua hapana.

Ukungu ulitoka kwenye karatasi za ndani. Zitupe hizo karatasi nyeupe na uweke mpya. Majalada yenye picha usiyatupe kamwe, yafute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba. Kisha hifadhi zikiwa zimesimama wima. Zikilazwa, zile za chini huchukua uzito wote na kupinda. Zisikae ukutani upande wa jua la jioni, wala ndani ya gari. Masika ikianza Machi, weka vifuko vya silika, vile vinavyonyonya unyevu, ndani ya sanduku, na uache nafasi ya vidole viwili kati ya sanduku na ukuta.

Usizipige bado kwenye mashine yoyote ya zamani. Sindano iliyochakaa hulima mfereji kama jembe. Sindano ya santuri ndefu ni ya maikroni 18 hivi na shinikizo lake ni gramu 1.5 hadi 2.5; ya 78 ni pana zaidi ya mara nne, maikroni 75. Ukibadilishana hizo mbili unaumiza zote. Ukipata fundi mwenye mashine nzuri, mwombe azihamishe kwenye kompyuta kwa biti 24, sauti ya juu kabisa isipite desibeli 6 chini ya kilele, faili la WAV na si MP3. Saa moja kwa kipimo cha kilohezi 96 itachukua gigabaiti 2 hivi. Ikiwa sauti inatoka nyembamba na ya mbali, fundi amesahau priamplifaya ya santuri, yaani kikuza sauti cha awali, na kuongeza volyumu hakutaponya hilo.

SWALI: Dada yenu wa Ubungo hapa. Nikianza kuwasikiliza nianzie wapi? Na bendi bado ipo?
*Msomaji wa Ubungo*

JIBU: Ipo, dada. Kampuni ya Now-Again ya Marekani ilikusanya kazi zao za miaka ya 1970 katika kasha moja mwaka 2012, filamu ya maisha yao ikatoka 2019, na Jagari, ambaye kwa miaka alikuwa akichimba vito, akarudi jukwaani na wanamuziki wapya, pamoja na Patrick Mwondela aliyepiga kinanda zama za disko. Mwaka 2023 walitoa Zango, iliyorekodiwa Lusaka, na Sogolo ikafuata 2025. Mrapa Sampa The Great, mzaliwa wa Zambia, ameimba nao. Na mwaka 2024 Tyler, the Creator wa Marekani alijenga wimbo wake Noid juu ya sauti za Ngozi Family, wenzao wa zamani. Watoto wengi waliucheza bila kujua kwamba yale maneno ni Kinyanja.

Anzia Lazy Bones!!, yote, bila kuruka. Kisha rudi In the Past usikie kinanda kikiwa bado kigeni ndani ya bendi. Kisha nenda Lukombo Vibes, ambako wanachukua wimbo wa asili, Kangalaitoito, na kuupigia magitaa ya umeme. Hapo ndipo Mtanzania atakapojiona nyumbani. Introduction iache mwisho. Imerekodiwa kwa vifaa duni, sauti ni kavu, na mtu akianza nayo huweza kukata tamaa mapema.

Usisikilize kwenye spika ya simu. Besi ya Gedeon Mulenga iko chini ya uwezo wa spika hiyo, na bila besi hiyo utabaki na kelele za juu tu. Tumia spika za masikioni zenye waya, na uzime ule mpangilio wa simu unaoongeza besi, kwa sababu unaufunika mguu wa drams.